Menyu ya tovuti ni swali la msamiati

Shirika la historia lisilo la faida likitaka kujenga upya tovuti yake, mara nyingi mjadala huanzia kwenye rangi, picha na nembo. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba swali la kwanza ni la msamiati: je, maneno yaliyo kwenye menyu ndiyo yale ambayo wasomaji wanayo kichwani? Swali hilo lina mbinu zake za utafiti, na mbinu hizo ziko karibu sana na zile tunazofundishwa katika isimu.

Andiko lililofichwa na jina lake

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Kongo. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha Lubumbashi na kwa niaba ya waliokuwa maboyi, yaani watumishi wa nyumbani mwa Wazungu, andiko liitwalo Vocabulaire de ville de Elisabethville. Johannes Fabian alilichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, na baadaye likawekwa kwenye intaneti. Anayelifungua akitafuta orodha ya maneno hataipata, maana ni historia: linasimulia nchi na mji kama walivyouona watumishi hao. Naye mwanafunzi anayetafuta «historia ya Lubumbashi» anaweza kupita karibu nalo asilione. Jina lake halitaji historia, wala halitaji Lubumbashi, kwa kuwa mji ulibadilishwa jina mwaka 1966.

Tatizo hilo si la andiko moja. Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, Stanleyville ni Kisangani. Nchi yenyewe iliitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Tovuti inayojua jina moja tu humfungia mlango msomaji anayejua lingine.

Kuuliza bila kumlisha mtu maneno

Hatua ya kwanza ni kujua watumiaji ni nani: mwalimu wa sekondari, mwanafunzi anayeandika TFC, au binti wa mfanyakazi wa Union Minière anayetaka kujua baba yake aliishi kambi gani. Hawaulizwi wangependa nini. Wanaulizwa mara ya mwisho walitafuta nini, waliandika neno gani, wakaishia wapi. Sababu tunaijua kutoka utafiti wa uwandani: ukimuuliza mtu «Je, mnasema hivi?», huenda akakupa jibu la shule badala ya lugha anayoisema nyumbani.

Hatua ya pili ni kupanga kadi. Mtafiti huandika majina ya vitu halisi vya shirika kwenye kadi 30 au 40: ushuhuda, picha, barua, ramani. Mshiriki huzipanga mafungu kama anavyoona yeye, kisha hulipa kila fungu jina. Jina hilo huandikwa kama lilivyotamkwa, hata likichanganya Kiswahili na Kifaransa. Mtunza kumbukumbu huelekea kupanga kwa aina: sauti, picha, maandishi. Mtu anayetafuta habari za familia anaweza kupanga kwa mtaa, kazi au ukoo. Tofauti hiyo ndiyo data yetu.

Hatua ya tatu ni kuijaribu menyu ikiwa maneno matupu, bila picha wala rangi. Mshiriki hupewa kazi: «Tafuta masimulizi ya mtu aliyekuwa boyi kabla ya uhuru.» Mtafiti huandika alichagua neno gani kwanza na aligeukia wapi. Kama wengi wanaingia «Maktaba» wakati kitu kiko «Nyaraka», neno ndilo lenye kosa.

Mwisho, ukurasa wa majaribio hutumiwa na watu wachache huku wakisema kwa sauti wanachofikiri. Mwaka 2000 Jakob Nielsen alipendekeza watu watano, kurekebisha, kisha kujaribu tena. Lakini watano hao wawe wa kundi moja. Makundi yakitofautiana, kila moja lina haki ya kusikilizwa. Watumie simu zao wenyewe na mega zao wenyewe. Hapo ndipo uzito wa picha utajulikana.

Mipaka ya mbinu hizi

Kubadilisha menyu si kubadilisha andiko. Jina alilolitoa Yav libaki, na tahajia yake isiyofuata ya shule ibaki. Kinachoongezwa ni maelezo mafupi chini yake, majina ya zamani na ya sasa ya miji, na utafutaji unaokubali maneno yaliyoandikwa kwa namna zaidi ya moja.

Vilevile, utafiti wa watumiaji hueleza jinsi watu wanavyotafuta. Hauamui historia ipi ihifadhiwe. Kama masimulizi ya maboyi hayafunguliwi sana, hiyo si sababu ya kuyaondoa. Kwanza tuulize kama waliokuwa wakiyatafuta waliwekewa neno wanalolijua.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi: kadi, kalamu, simu, na watu wanaojua kusikiliza lugha inavyosemwa. Mashirika mengi hayana watu hao. Kitivo chetu kinao, na menyu ya tovuti moja inaweza kuwa mada nzuri ya TFC.