Kitabu cha Bei Kina Adabu Yake

Mwaka jana, nilipopangiwa Unguja kwa mazoezi ya kufundisha, niliingia duka moja la vitu vya kale Mji Mkongwe kutafuta hela. Sisemi hela za matumizi, hizo ziliisha siku chache tu baada ya bumu kuingia. Nasema heller, sarafu ya Mjerumani iliyotuachia neno "hela" tunalolitumia mpaka leo. Nilitaka wanafunzi wangu waishike kwa mikono yao siku ya somo la utawala wa kikoloni.

Mzee wa duka akatoa kopo, akachagua moja: heller 20, mwaka 1916, yenye herufi T ya Tabora. Bei, elfu arobaini. Mimi nikachomoa simu, nikafungua katalogi ya bei niliyokuwa nimeipakua, nikaisogeza mbele ya uso wake. "Mzee, kitabu kinasema nusu ya hiyo."

Akaitazama simu, akanitazama mimi, kisha akafunika kopo lake. "Mwanangu, wewe wataka kununua sarafu au wataka kunisahihisha?"

Nikatoka mikono mitupu. Usiku ule niliifungua tena katalogi, safari hii nikaisoma vizuri, nikagundua kwamba sikukosa adabu tu, nilikosea na bei.

Tuanze na kitabu chenyewe. Wakusanyaji wa sarafu duniani wana vitabu vinavyoorodhesha kila sarafu na makadirio ya bei yake. Kinachojulikana zaidi kwa sarafu za nchi mbalimbali ni katalogi ya Krause na Mishler, iliyoanza kutoka mwaka 1972. Ndiyo maana ukiona sarafu imeandikwa "KM" na namba, ujue hizo ni herufi za majina yao. Siku hizi zipo pia katalogi za intaneti ambazo unafungua kwenye simu bila kulipa.

Kwenye kitabu hicho sarafu moja haina bei moja. Ina safu kadhaa za bei kulingana na hali yake: iliyochakaa hadi maandishi yanafifia, iliyotumika kidogo, na ile ambayo ni kama haijawahi kuguswa. Kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho bei inaweza kupanda mara nyingi. Mimi nilisoma safu ya iliyochakaa, na sarafu ya mzee taji lake lilikuwa bado linaonekana vizuri kabisa. Halafu heller 20 za Tabora zina aina zake. Zilitengenezwa wakati wa vita, koloni likiwa limezingirwa na meli za Waingereza, sarafu hazifiki kutoka Ujerumani. Wajerumani wakazigonga wenyewe kwenye karakana ya reli, kwa shaba waliyoweza kuipata. Kwa hiyo zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano, zenye taji kubwa na zenye taji dogo, hata ncha za herufi L hazifanani. Kila aina ina mstari wake kitabuni. Mimi sikuangalia hata kimoja kati ya hivyo.

Jambo lingine ni kwamba bei ya kitabu ni makadirio, haimfungi mtu. Kule Marekani, kwa sarafu zao, wana vitabu viwili: Kitabu Chekundu kinachoonyesha bei ambayo mnunuzi hulipa dukani, na Kitabu cha Buluu kinachoonyesha bei ambayo mfanyabiashara hulipa anaponunua kwako. Hizo bei mbili hazilingani, na hakuna aliyeibiwa. Katikati yake kuna kodi ya pango, kuna miezi sarafu inakaa koponi bila mteja, na kuna chakula cha watoto wa mwenye duka.

Sasa adabu. Haya nimejifunza kwa kurudi pale dukani, na kwa kuwatazama wanunuzi waliobobea.

Kitabu kisome nyumbani. Kazi yake kubwa ni kukupa wewe kikomo chako kabla hujatoka. Ukifika, salimia kwanza. Shikamoo haina katalogi. Omba ruhusa kabla ya kushika, shika sarafu kwenye ukingo, usiisugue kwa kidole wala kwa shati ukidhani unaisafisha, maana kuisugua kunaishusha thamani. Ukitaka kupiga picha, omba.

Ukihitaji kuangalia kitabu palepale, sema: "Mzee, naomba nihakikishe aina yake." Hapo unatafuta taji na herufi, na yeye anaweza kuinama mkaangalia pamoja. Wengi wao wanapenda, kwa sababu wameshika sarafu nyingi kuliko wewe na kitabu chako. Kibaya ni kukitoa kama mwalimu anayetoa kalamu nyekundu.

Ukifika kwenye bei, taja uwezo wako, usitaje kitabu. "Mzee, nina elfu thelathini, unanisaidiaje?" Hiyo anaweza kuijibu. "Kitabu kinasema" haina jibu zaidi ya kufunika kopo. Na akikubali bei uliyoitaja mwenyewe, lipa. Kupatana bei nusu saa halafu ukasema "nitarudi" ni dharau.

Na si kila kitu kina bei. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mtu akikuletea sarafu ya masultani wa Kilwa mfukoni, usifungue katalogi. Mwelekeze makumbusho.

Lakini adabu ngumu kuliko zote sikuikuta dukani. Baada ya mazoezi nilifika kwa bibi wa rafiki yangu bara. Aliposikia napenda sarafu akaleta kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na rupia moja ya fedha yenye sura ya Kaiser Wilhelm II, amevaa kofia yake ya vita. "Mjukuu wangu, nipe elfu tano nikanunue sukari."

Rupia ile ina uzito wa gramu 11.66, na karibu yote ni fedha halisi. Ukiiyeyusha tu, fedha yake inazidi elfu tano mara kadhaa. Mimi nilijua, bibi hakujua, na elfu tano ninayo mfukoni. Safari hii kitabu kilikuwa upande wake, na hakuwa na simu ya kukisomea.

Kwa mzee wa Unguja nilikuwa mwepesi mno kutoa kitabu, kwa sababu kilinifaidisha mimi. Nikajiuliza, mbona sasa kimekuwa kizito mfukoni?

Nikakitoa. Nikamwonyesha picha ya sarafu, nikamsomea bei kwa shilingi, nikamweleza kwamba mimi siwezi kuifikia. Akacheka sana, akaifunga tena kwenye kitambaa. Sukari nilimnunulia, rupia sikuipata.

Heller ninayo. Nilirudi kwa yule mzee wiki ya mwisho, nikaomba radhi, nikataja thelathini, tukamalizana kwenye thelathini na tano. Wanafunzi waliishika wote, na mmoja aliuliza kama inaweza kununua chipsi.

Kwa hiyo mwanachuo mwenzangu, beba kitabu chako cha bei. Ila kama hukitoi pale kinapomfaidisha muuzaji, usikitoe pale kinapokufaidisha wewe.