Mwana aliyekataa, kisha akaenda

Neno la leo: Mathayo 21:28–31

Bwana Yesu alitoa mfano wa baba mwenye wana wawili. Mmoja alikataa kwenda kufanya kazi shambani, baadaye akageuza moyo, akaenda. Wa pili aliitikia kwa heshima, lakini hakwenda. Ni yupi aliyetimiza mapenzi ya baba?

Swali hilo hunijia ninapomfikiri Douglas Adams, mwandishi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1952. Alivuma kwa vichekesho vyake vya safari za angani, vilivyoanza katika redio ya BBC mwaka 1978. Alisema wazi kwamba hamwamini Mungu. Hata hivyo, pamoja na mtaalamu wa wanyama Mark Carwardine, alizunguka dunia kuwatafuta viumbe waliokaribia kutoweka, wakaandika kitabu juu yao. Walifika hata Garamba, Kongo, walikobaki vifaru weupe wa kaskazini wapatao 22 tu. Mwaka 1994 alijiunga na msafara wa Kilimanjaro wa kuchangia uokoaji wa vifaru, akavaa vazi kubwa la kifaru bila kuona haya.

Adams alifariki mwaka 2001. Dume la mwisho la vifaru wale, Sudan, lilikufa Kenya mwezi Machi 2018. Wamebaki majike wawili.

Je, tuseme kazi ya namna hiyo ni bure? Twende Pemba. Kuna popo mkubwa mla matunda asiyepatikana kwingine kokote duniani. Aliwindwa kwa kitoweo, misitu ikafyekwa, akakaribia kwisha. Wanakijiji wa Kidike wakaamua kumlinda, na leo popo hao wamekuwa maelfu kisiwani. Wengi wa wanakijiji hao ni Waislamu. Hawakungoja Wakristo waanze.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba imani si kitu. Nasema kwamba sisi ndio tunaoitikia kila Jumapili. Tunasoma Mwanzo 2:15 kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kisha Jumatatu tunanunua nyamapori bila kuuliza imetoka wapi, na tunakata mti bila kupanda mwingine.

Baba hakuuliza nani aliitikia vizuri. Aliangalia nani yuko shambani. Wiki hii, wewe utaonekana wapi?

Ee Bwana, utupe mikono inayolingana na midomo yetu. Amina.