Mtoto anatumia mkono mmoja tu? Usisubiri akue

Mtoto wa miezi minane akipokea kila kitu kwa mkono wa kulia, nyumbani watu hufurahi. Bibi atasifu kwamba mjukuu amezaliwa na adabu, anajua mkono wa kupokelea kabla hajafundishwa. Akitumia wa kushoto, ataanza kurekebishwa mapema, pengine hata kwa kuchapwa kidole.

Katika hali zote mbili, swali muhimu huwa halijaulizwa. Je, mkono ule mwingine unafanya kazi?

Kwa kawaida mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hutumia mikono yote, mara huu, mara ule. Kupendelea mkono mmoja huja baadaye. Akianza kuchagua mkono mmoja kabla ya kutimiza mwaka, hiyo ni dalili inayohitaji kuchunguzwa, kwa sababu huenda upande mmoja wa mwili ni dhaifu. Miongoni mwa sababu zake ni aina ya mtindio wa ubongo inayogusa mkono na mguu wa upande mmoja.

Zipo dalili nyingine za kuangalia. Mkono mmoja hubaki umefumbwa ngumi wakati mwingine umeshakunjuka, mtoto hutambaa akiburuza upande mmoja, au akianza kusimama hukanyagia vidole vya mguu mmoja.

Mkono unaosahaulika

Kwa nini usisubiri? Jibu lilianza kuonekana kwa kima wa maabara nchini Marekani. Mwanasaikolojia Edward Taub aligundua kwamba kima aliyeondolewa hisia kwenye mkono mmoja huacha kabisa kuutumia, ingawa bado anaweza kuusogeza. Anajaribu, anashindwa, anahamia kwenye mkono mzima. Baada ya muda anakuwa amejifunza kutoutumia. Mkono mzima ulipofungwa, kima alianza tena kuutumia ule ulioachwa.

Mwaka 1993 Taub na wenzake walichapisha matokeo ya kujaribu wazo hilo kwa watu waliopata kiharusi zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Watu hao walikuwa tisa tu. Wanne walizuiwa kutumia mkono mzima kwa sehemu kubwa ya saa walizokuwa macho, kwa siku 14, huku wakifanya mazoezi ya mkono dhaifu saa sita kwa siku katika siku 10 kati ya hizo. Watano waliobaki hawakupata tiba hiyo. Wale wanne walipata nafuu kubwa zaidi, na miaka miwili baadaye walikuwa hawajaipoteza.

Jarida lina faida gani kwa mzazi?

Matokeo hayo yalitoka katika jarida la kitabibu liitwalo Archives of Physical Medicine and Rehabilitation, linalohusu tiba ya viungo na utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake za kila siku. Jarida hilo lilianza mwaka 1920 kwa jina jingine, likihusu zaidi mionzi.

Katika majarida ya aina hii, makala haichapishwi kwa sababu mwandishi wake ni maarufu. Mhariri huituma kwanza kwa wataalamu wengine wa fani hiyo ambao hawakushiriki katika utafiti. Wao huuliza: wagonjwa walichaguliwaje? Walilinganishwa na nani? Nafuu ilipimwaje? Majibu yasiporidhisha, makala hurudishwa au hukataliwa.

Utaratibu huo hauzuii kila kosa, na watu tisa ni wachache. Ila matokeo yakishachapishwa hivyo, wengine wanaweza kuyajaribu upya. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2006 jarida la JAMA lilichapisha utafiti kama huo kwa watu 222 waliopata kiharusi, na tiba hiyo ilionyesha nafuu tena.

Watoto nao hawakusahauliwa. Mwaka 2004, Taub na wenzake walichapisha katika jarida la Pediatrics utafiti wa watoto 18 wenye udhaifu wa upande mmoja, mdogo akiwa na miezi saba na mkubwa miaka minane. Nusu yao waliwekewa plasta nyepesi kwenye mkono mzima na kufanyishwa mazoezi kwa njia ya michezo, saa sita kwa siku, kwa siku 21. Walianza kuutumia mkono dhaifu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Usimfunge mtoto mkono

Hapa tuwe waangalifu. Tiba hii hufanywa kwa usimamizi wa mtaalamu. Ukimfunga mtoto mkono nyumbani kwa kitenge, unaweza kumwangusha, kumuumiza au kumfanya auchukie mkono ule unaotaka autumie.

Habari njema ni kwamba kufunga mkono si njia pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha njia hiyo na mazoezi ya kutumia mikono miwili kwa pamoja, watoto wa kila kundi wakifanya mazoezi kwa saa 90. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Jambo kubwa ni wingi wa mazoezi yenye lengo.

Kazi za mikono miwili zimejaa nyumbani kwetu. Baada ya mtaalamu kumpima mtoto na kukuelekeza, mpe zile anazoweza kwa umri wake: kushika bakuli kwa mkono mmoja akikoroga kwa mwingine, kupukuchua mahindi, kumenya ndizi, kufungua kifuniko cha chupa, kukunja kanga pamoja nawe, kudaka mpira mkubwa. Mpe muda ahangaike kidogo. Dada wa kazi, shangazi na kaka zake waambiwe pia, kwa sababu huruma ya kumfanyia kila kitu ndiyo inayouzoesha mkono uvivu.

Anzia wapi?

Anzia kliniki ya mama na mtoto. Usisubiri muuguzi aone mwenyewe wakati wa kupima uzito. Mwambie waziwazi: "Mtoto wangu hatumii mkono huu." Chukua video fupi kwa simu akicheza nyumbani umwonyeshe, kisha omba rufaa kwa daktari wa watoto na mtaalamu wa fiziotherapia. Mtoto aliyekuwa mzima akilegea upande mmoja ghafla, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Na simu hiyo hiyo ikikuletea tangazo la mafuta au dawa ya kuponya mtindio wa ubongo kwa wiki mbili, muulize muuzaji maswali ya wahariri wale: umewajaribu wangapi, umewalinganisha na nani, nafuu uliipimaje? Asipokuwa na jibu, hela yako iwe nauli ya kwenda kliniki ya mazoezi. Ubongo wa mtoto hujifunza haraka katika miaka ya mwanzo, na unajifunza yote mawili: kuutumia mkono, au kuuacha.