Kazi imepatikana ugenini: Twende au tubaki?

SIFA zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo huulizwa mara kwa mara misikitini na majumbani mwetu, nalo ni hili: mtu amepata kazi katika mji asioujua, hana ndugu wala rafiki huko, naye ana mke, watoto na mzazi anayemtegemea. Je, aende au abaki?

Hapa Tanzania swali hili limezidi uzito kutokana na safari ya Dodoma. Uamuzi wa kuyahamishia makao makuu huko ulipitishwa mwaka 1973, lakini wengi hawakuuona uzito wake mpaka mwaka 2016, pale wizara zilipoanza kuhama kwa kasi. Mwaka 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa jiji, na katika mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuithibitisha kuwa makao makuu ya nchi. Nyuma ya watumishi wa Serikali wakafuata mafundi, wahasibu, walimu, wauguzi na wafanyabiashara. Kwa hiyo tutautumia mji huo kuwa mfano wetu, ingawa tutakayoyasema yanamfaa pia anayeitwa Mwanza, Nairobi au Muscat.

KUHAMA SI JAMBO GENI

Kwanza tuiondoe dhana kwamba kutoka kwenye mji wa wazazi ni utovu wa shukrani. Katika Suratul Mulk, aya ya 15, Allah (S.W.) anatueleza kuwa ameifanya ardhi iwe nyepesi kwetu, na anatuamrisha twende katika pande zake na tule katika riziki yake. Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu katika mwambao huu, alizaliwa Gaza, akalelewa Makka, akasoma Madina kwa Imam Malik, akafundisha Iraq, kisha akamalizia umri wake Misri, alikofariki mwaka 204 Hijria. Huko Misri alizipitia upya rai zake nyingi, na ndiyo maana hadi leo wanafunzi wa fiqhi husoma kauli yake ya kale na kauli yake mpya. Mji mpya haukumpotezea elimu, bali ulimzidishia.

Hata miji tunayoiita yetu ilijengwa na wageni. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalilimwa na manamba waliotoka Kigoma, Unyamwezi na kusini mwa nchi, na wajukuu wao leo ni Watanga ambao hakuna awaulizaye walikotoka. Basi huenda kijana anayeiogopa Dodoma ana babu aliyewahi kuiogopa Tanga.

Hata hivyo, tuwe na insafu. Wapo wanaoichukua aya ya 100 ya Suratun Nisaa, inayotaja wasaa ataoupata mwenye kuhama katika njia ya Allah, wakaifanya dhamana ya kila mwenye barua ya ajira. Aya ile inahusu kuhama kwa ajili ya Allah na Mtume wake. Kufuata mshahara ni halali, na kwa nia njema huwa ibada, lakini si kila safari ya mshahara ina ahadi ile. Ndiyo maana safari ya riziki inahitaji kupimwa.

HIJRA ILIPANGWA

Tukiitazama Hijra yenyewe ya mwaka 622, hatuoni mtu aliyejitupa gizani. Kabla Mtume (S.A.W.) hajaondoka Makka, watu wa Madina walikuwa wamekwisha kumpa ahadi pale Aqaba, na Mus'ab bin Umayr alikuwa ametangulia kwenda kuwafundisha. Ngamia waliandaliwa, na Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu, aliajiriwa kuonyesha njia kwa sababu aliijua. Amana za watu hazikuachwa hivi hivi: Ali (R.A.) alibakishwa ili azirudishe kwa wenyewe.

Hapa pana mafunzo manne kwa mtafuta kazi. Uwe na watu wa kukupokea. Utangulize mtu, au utangulie mwenyewe, ukauone mji. Umuulize anayeijua njia, hata akiwa si wa dini yako. Na usiondoke mjini na madeni ya watu mfukoni.

Yafaa pia tukumbuke kwamba Muhajirina walipofika Madina waliugua homa, akiwemo Abu Bakr na Bilal (R.A.), na Bilal alikuwa akiitamani Makka waziwazi. Kwa hiyo anayelia kwa kuukumbuka mji wao baada ya wiki tatu za ugenini asidhani kuwa imani yake imepungua, wala asiuchukue ule upweke wa mwanzo kuwa ni hukumu ya mwisho juu ya mji mpya.

HESABU YA MSHAHARA

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtu yupo Tanga, anaishi katika nyumba ya familia bila kulipa kodi, na mshahara wake ukishakatwa makato unabaki Sh 900,000. Ameitwa Dodoma kwa Sh 1,300,000. Jamaa zake wanaona ongezeko la Sh 400,000 na wanamwambia, "Nenda, unangoja nini?"

Sasa tuhesabu. Akienda peke yake, tuseme atapanga chumba kwa Sh 150,000, atakula na kupanda daladala kwa Sh 200,000, na safari moja ya kwenda nyumbani na kurudi kila mwezi itamgharimu Sh 80,000. Jumla ni Sh 430,000. Ongezeko lote limekwisha, na amepungukiwa Sh 30,000. Akiichukua familia, tuseme nyumba itakuwa Sh 250,000, na mkewe ataacha kazi ya ushoni iliyokuwa ikimpatia Sh 120,000. Hiyo ni Sh 370,000, na kilichobaki ni Sh 30,000 tu, kabla hajamtafutia mama yake mtu wa kumwangalia. Tena wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni Sh 1,500,000, na dalali naye hutaka kodi ya mwezi mmoja, bado hatujalitaja lori la mizigo.

Hatusemi kwamba mtu huyo asiende. Huenda kazi mpya ina mafunzo, ina akiba ya uzeeni, au itampandisha cheo baada ya miaka miwili. Huenda pia pale alipo kiwanda kinakaribia kufungwa. Tunachosema ni kwamba tarakimu ya mshahara peke yake haijibu swali. Atakayeondoka na aondoke akijua anachokifuata ni kitu gani.

HAKI ZA WALIOBAKI NYUMBANI

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu alimwendea Mtume (S.A.W.) akitaka ruhusa ya jihadi, naye akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Alipojibu kuwa wako hai, alielekezwa arejee akajitahidi katika kuwahudumia. Ikiwa jambo kubwa kama lile lilipimwa kwa hali ya wazazi, itakuwaje barua ya ajira? Mwenye mama mgonjwa ambaye hana mwingine wa kumtunza hana uhuru sawa na mwenye ndugu wanne mjini. Wala kumtumia mama fedha kwa simu si sawa na kumpeleka hospitali usiku. Fedha hufika kwa dakika moja, lakini haziwezi kumshika mkono.

Mke naye ana haki. Yamepokewa kuhusu Sayyidna Umar (R.A.) kwamba, baada ya kumsikia mwanamke akilalamikia upweke kwa kuwa mumewe yuko vitani, alimuuliza binti yake Hafsa ni muda gani mwanamke huweza kumvumilia mume asiyekuwapo, kisha akawawekea askari wake mpaka wa kurudi nyumbani. Riwaya zinatofautiana kati ya miezi minne na sita, lakini funzo ni moja: kiongozi aliyekuwa na dola kubwa mikononi aliona kutengana kwa wanandoa ni jambo la kuwekewa kikomo. Basi wewe, mume, usimwambie mkeo, "Nitakuita mambo yakikaa sawa," bila kutaja mwezi. Kaeni wawili mkubaliane tarehe, na kama yeye ndiye aliyepata kazi ya ualimu au uuguzi mkoani, naye asikilizwe kwa uzito huo huo. Binti ambaye bado yu chini ya uangalizi wa baba yake na asindikizwe, mzee ayaone makazi yake na majirani zake kwa macho yake.

SOMA MKATABA KABLA YA KUFUNGA MIZIGO

Allah (S.W.) ametuamrisha kuyaandika madeni, na katika ufunguzi wa Suratul Maida ametuamrisha kuzitimiza ahadi. Mkataba wa kazi ni ahadi, na ahadi husomwa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aandike, pamoja na mambo mengine, mahali mfanyakazi alikoajiriwa na mahali atakapofanyia kazi. Wengi huyapita maneno haya, nayo yana faida kubwa. Mkataba ukikoma mahali pasipokuwa pale mfanyakazi alikoajiriwa, sheria inamwajibisha mwajiri kumrudisha pamoja na mizigo yake, au kumlipia gharama za kurudi. Aliyeitwa kutoka Tanga kisha akatia saini karatasi inayosema ameajiriwa Dodoma, amejinyima ushahidi wa haki hiyo.

Lipo na la pili. Kinga ya sheria hiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haikuwekwa kwa mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri yule. Kwa hiyo si busara kuuza kitanda, kuwahamisha watoto shule katikati ya muhula na kumwachisha mke kazi katika mwezi wa kwanza. Afadhali atangulie mmoja, amalize muda wa majaribio, kisha familia ifuate shule zikiwa zimefungwa. Wala si aibu kumwomba mwajiri asaidie usafiri na kodi ya mwanzo. Mambo haya huombwa kabla ya saini, maana baada ya saini nafasi ya kuyadai ni finyu.

KAUONE MJI

Anayeweza na aende siku tatu kabla ya kukubali. Mtu wa pwani atakuta Dodoma ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi asiyoizoea. Ofisi nyingi za Serikali ziko Mtumba, nje ya katikati ya mji, kwa hiyo aulize nauli ya kutoka kila mtaa kabla ya kupanga. Asimuulize dalali habari za maji, bali amuulize mpangaji wa nyumba ya jirani yanatoka siku zipi. Aangalie msikiti ulio karibu, madrasa ya watoto na zahanati. Ajifunze kuitikia "Mbukwa" anapoamkiwa na Mgogo, kwani mgeni anayejua salamu ya wenyeji amekwisha kupata nusu ya ujirani. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imemrahisishia mtu wa Dar es Salaam au Morogoro, lakini wa Tanga bado ana mwendo wa barabara wa kuhesabu.

Na akifika, amkumbuke Abdur-Rahman bin Awf (R.A.). Alipoingia Madina hana kitu, ndugu yake wa Kiansari, Sa'd bin Rabi', alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo, akaanza kwa kuuza jibini na samli. Mgeni mwema huomba njia ya kujitegemea.

ISTISHARA, KISHA ISTIKHARA

Baada ya yote haya ndipo ije sala ya Istikhara, rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, pamoja na dua aliyoipokea Jabir (R.A.) kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Wapo wanaoisali kisha wakalala wakingojea ndoto ya rangi ya kijani. Hadithi haikutaja ndoto. Dua ile ni kumwomba Allah, ikiwa jambo lina kheri katika dini, maisha na mwisho wetu, alirahisishe, na ikiwa lina shari alituepushe nalo, kisha aturidhishe na alilolikadiria. Aliyeuliza watu, akahesabu, akasoma mkataba na akasali, na akate shauri na amtegemee Allah, kama tulivyofundishwa katika Suratu Aali Imran, aya ya 159.

Kwa muhtasari tunasema hivi: ikiwa haki za wanaokutegemea zitasimama, hesabu itabaki na kitu au na matumaini ya kweli, na dini yako itapata mahali pa kuegemea, nenda kwa jina la Allah. Ikiwa moja katika hayo litavunjika na hakuna wa kuliziba, kubaki kwako si woga, na riziki yako haitachukuliwa na mwingine. Na aliyekwenda, ajiwekee siku ya kulitazama upya jambo lake pamoja na mkewe baada ya mwaka, kwani kurudi nyumbani kwa hesabu ni sawa na kuondoka kwa hesabu.

Tunamwomba Allah awahifadhi walio safarini, awape subira walioachwa nyumbani, na atujaalie riziki ya halali popote tulipo. Wabillahi tawfiq.