Mutoto wetu si pupe

Ilikuwa siku ya mushahara. Sisi wa delegasio ya sendika tulikuwa tunapanga malalamiko ya watu wa posti ya usiku, ndipo ndugu mumoja, dereva wa lori kubwa ya mugodi, akaingia bila kupiga hodi. Kasike ilikuwa ingali ku kichwa. Tulizani analeta mambo ya masaa ya ziada. Akakaa, akasema: « Bandugu, mutoto wangu ameanguka ku masomo. Banasema hajakula tangu siku mbili. Na miye niko nalipwa! Batu batasema nini? »

Ndugu wasomaji, munajua haya ile. Wazee wetu walipokea posho ya bunga pamoja na mushahara, na mutu wa kazi ambaye mutoto wake analala njaa alionekana kama amekunywa feza yote. Lakini kwa huyu ndugu bunga ilikuwa ku nyumba. Kila magaribi mama alipika bukari na sombe, hata samaki wakati feza iliruhusu. Binti, mwenye miaka 13, alikuwa anasukuma sehemu yake ku sahani ya wadogo zake, anasema tumbo inauma. Miezi mitatu hivi. Hakuna mutu aliona.

Hatutaji jina lake wala kambi yake. Baba na mama walituruhusu kuandika, kwa sharti hiyo tu.

Tulienda kumuona. Sisi wanaume tulibaki inje na baba, kwa kuwa mambo ya binti hayaulizwi na wanaume watano wenye bote. Mama mumoja wa delegasio yetu, anayetumika ku laboratwari, aliingia peke yake. Walikaa saa moja. Alipotoka alikuwa na vitu viwili ku mukono: pupe moja ya plastiki na kopo ndogo ya mafuta ya kujipakaa.

Binti alikuwa amemuambia hivi: « Tantine, uniangalie. Miko mweusi, miko munene. Minataka kuwa paka sawa huyu. »

Huyu, ndiyo pupe. Nywele ya manjano mupaka ku kiuno, macho ya buluu, miguu mirefu, kiuno sawa kidole. Baba yake aliinunua siku ya Saint-Nicolas, tarehe 6 desemba, wakati binti alikuwa na miaka saba. Siku ile alimupatia na kumuambia: « Ukomae, ukuwe muzuri sawa huyu. » Baba alikuwa amesahau maneno hayo. Binti hakusahau.

Pupe hii ilitoka wapi

Inafaa tujue mugeni tuliyemuingiza ku nyumba. Pupe inayoitwa Barbie ilionyeshwa mara ya kwanza ku New York, tarehe 9 machi 1959. Aliyeianzisha ni mama mumoja wa Marekani, Ruth Handler, wa kampuni ya Mattel, na jina alilitoa kwa binti yake Barbara. Lakini sura hakuitunga peke yake. Akiwa safarini ku Uswisi, aliona pupe ya Ujerumani iliyoitwa Lilli. Na Lilli alikuwa nani? Alikuwa mwanamuke wa michoro ya kuchekesha ku gazeti Bild, michoro ya watu wakubwa, na pupe yake iliuzwa kwanza kwa wanaume. Kwa hiyo mutoto wetu wa miaka 13, hapa Katanga, anajinyima bukari juu ya kufuata umbo ambalo lilichorwa kwa kufurahisha wanaume wa Ulaya.

Kuna ingine. Mu mwaka wa 1965 iliuzwa Barbie ya kulala, pamoja na balansi ndogo ya kupimia uzito. Balansi ilisimama paka ku kilo 50 hivi, haipandi, haishuki. Pembeni kulikuwa kitabu kidogo cha kupunguza uzito, na ku mugongo wake shauri moja tu: usikule. Mutoto wa kizazi kile alipewa shauri hilo pamoja na muchezo.

Mu 1996 watafiti wa Australia walifanya hesabu: ukitafuta mwanamuke mwenye umbo la pupe hii, hautapata hata mumoja kati ya 100 000. Mu 2006 watafiti wa Uingereza walionyesha picha za pupe kwa watoto wanawake 162, wa miaka mitano mupaka nane. Wale walioona Barbie walianza kuchukia mwili wao na kutaka kuwa wembamba zaidi kuliko wale walioona picha zingine.

Na rangi? Hilo ni jambo la zamani. Mu miaka ya 1940, bwana na bibi Kenneth na Mamie Clark, Wamarekani weusi, waliweka pupe nyeupe na pupe nyeusi mbele ya watoto weusi, wakauliza: ni gani muzuri? Wengi walinyoosha kidole ku nyeupe. Kazi yao ilifika mupaka ku tribinali kubwa ya Marekani, ambayo mu 1954 ilikataza masomo ya kutenga watoto weusi na weupe. Kampuni yenyewe ilitoa Barbie mweusi mu 1980, na mu 2016 ikatoa za umbo mbalimbali, hata nene kidogo. Lakini ile iliyosimama juu ya kabati ya ndugu yetu ilikuwa ya namna ya zamani. Na sasa telefone inaendeleza kazi yake: unajipiga foto, inakutoa mweupe, pua ndogo, shavu nyembamba. Binti alikuwa na foto kama hizo nyingi. Ya sura yake ya kweli hakuwa nayo hata moja.

Kopo chini ya kitanda

Turudie kopo. Binti aliinunua ku soko na feza ya mampa ya saa sita. Ilikuwa imebandikwa maneno mazuri mbele, lakini nyuma hakuna anuani ya fabriki, hakuna orodha kamili ya vitu vilivyotiwa ndani. Mama wa laboratwari alituambia: « Kama ni produi ya ku mine iliingia hivi, mungegoma. »

Ni kweli kabisa. Sisi tunatumika karibu na asidi ya kuyeyusha shaba. Kibidoni bila alama hatukigusi. Tunadai fishi ya usalama, glove, maski. Lakini mafuta ambayo binti zetu na bibi zetu wanapakaa ku uso kila siku, hatuulizi kitu.

Ndani ya mafuta ya kugeuza ngozi kunapatikana sanasana vitu vitatu. Cha kwanza ni zebaki, ile tunaita merkiri. Ndugu zetu wa zahabu, kule Kivu na Ituri, wanaijua: wanaitumia kukamata zahabu, na inawaharibu. Ndani ya mafuta inapita ku ngozi, inapiga figo, inaleta wasiwasi na huzuni, na mama mwenye mimba anaipitisha kwa mutoto wa tumboni. Ku kopo inaweza kuandikwa mercure, calomel, chlorure mercureux, ao herufi mbili tu: Hg. Cha pili ni hydroquinone. Ulaya iliikataza ndani ya mafuta ya namna hii tangu 2001, na Afrika ya Kusini iliikataza mu 1990. Ukiipakaa muda murefu, ngozi inaweza kurudi nyeusi ya kubuluka, yenye madoa, kuliko ulivyoanza. Cha tatu ni dawa za namna ya cortisone, kama clobetasol. Hizo ni dawa za munganga, za siku chache na kwa ugonjwa fulani. Ukizifanya mafuta ya kila siku, ngozi inakuwa nyembamba sawa karatasi, inapasuka mistari, kidonda hakiponi, na tansyo ao sukari inaweza kupanda.

Na njaa? Binti wa miaka 13 ndiyo anajenga mifupa na damu ya maisha yake yote. Anapokataa chakula, damu inapunguka, kichwa kinazunguka, siku zake za mwezi zinaweza kukatika, na masomo hayaingie. Munganga wa dispansere alimupima huyu wetu: damu ilikuwa chini. Hakumugombeza. Alimuambia arudi kila juma, na mama asimulazimishe kula kwa fimbo, bali wakule wote ku meza moja, kidogo kidogo.

Sisi wanaume, tuseme ukweli

Baba alikuwa na hasira. Alitaka kuchoma pupe, kuvunja telefone, na kumufungia binti ku nyumba mupaka akili irudi. Mama alinyamaza, kwa kuwa kopo ingine ya mafuta yale yale ilikuwa ku chumba chake mwenyewe.

Hapo tulimukumbusha baba jambo ambalo kila mutu wa mine mukatoliki anajua. Tarehe 4 desemba ni sikukuu ya mulinzi wetu, Mutakatifu Barbara, Sainte Barbe. Hadisi inasema baba yake alimufungia ku munara juu ya uzuri wake, na mwisho akamuua na mukono wake mwenyewe. Jina ni lile lile la pupe. Tulimuuliza: ndugu, unataka kuwa baba wa namna ile?

Kisha tulijiuliza sisi wenyewe. Ni nani alimufundisha binti kwamba mweusi ni mubaya? Tunapotoka ku posti na kukaa ku ngganda na chupa mbele yetu, tunasemaje? « Ule mwanamuke ni muzuri, iko na rangi. » Mutoto mweusi tunamuita makala, tunacheka. Bibi akijipakaa tunamusifu, wala hatuulizi kilichomo. Halafu binti akitii maneno yetu, tunatafuta fimbo. Pupe ilisema mara moja ku Saint-Nicolas, lakini sisi tunasema kila siku ya Mungu.

Serikali peke yake haitamaliza jambo hili. Wakati wa Mobutu, na siasa ya authenticité, peruke na suruali za wanawake zilikatazwa. Zilirudi zote, kwa kuwa amri inaingia ku soko, haiingie ku kichwa cha mutoto anayejitazama ku kioo.

Tulifanya nini

Kwanza, tulipima. Mama wa laboratwari alikuja na uzi na metre ya fundi wa nguo, akamuita binti: « Kuja tufanye kazi yangu. » Pupe ilikuwa na urefu wa sentimeta 29. Ukiizidisha mara 6, unapata mwanamuke wa metre 1 na 74. Kiuno chake hakikufika sentimeta 8. Mara 6, haifiki 48. Kisha wakapima kiuno cha mudogo wake wa miaka mine: kilipita 50! Binti akaangalia metre, akaangalia mudogo wake anayekimbia na mampa ku mukono, akacheka. Mama yake alituambia ilikuwa mara ya kwanza tangu miezi. Mwanamuke murefu kupita baba yake, mwenye kiuno chembamba kuliko cha mutoto wa miaka mine, matumbo angeyatia wapi?

Pili, baba alizungumuza naye. Hatukuwa pale. Anasema alimuambia tu: « Siku ile nilikosa. Nilipashwa kusema: ukomae sawa mama yako. »

Tatu, tuliomba dakika kumi ndani ya mazungumuzo ya usalama ya asubui, mbele ya posti kuanza. Tuliweka kopo juu ya meza. Vijana walicheka: « Delege, leo unatufundisha mafuta ya banamuke? » Muzee mumoja wa atelie akasimama. Alisema bibi yake alipasuliwa ku uzazi, kidonda kikakataa kufunga, na ulizo la kwanza la munganga lilikuwa: mama, unapakaa nini ku ngozi? Hakuna aliyecheka tena.

Kwa hiyo tunaomba kila ndugu mambo machache. Leo magaribi, fungua kabati, soma kopo. Ukiona Hg ao calomel, isipakwe tena, na isitupwe pahali watoto wanacheza. Kama mafuta ni ya namna ya cortisone na yametumiwa muda murefu, muende kwa munganga, kwa kuwa kuyaacha kwa gafula kunaweza kuchoma uso. Angalia sahani ya binti yako, na umuangalie mupaka mwisho wa chakula. Ku ngganda, uchunge kinywa. Na ku sendika, sisi tutadai ku mukutano unaokuja na wakubwa wa kazi kwamba dispansere ipokee mabinti siku moja ya juma, na muuguzi mwanamuke.

Binti wetu hatusemi amepona. Anakula sasa, siku zingine vizuri, siku zingine anasukuma sahani. Mama yake pia ameacha kopo, na uso wake ungali na madoa, anavumilia. Pupe haikuchomwa. Binti mwenyewe alikataa. Aliipatia mudogo wake, lakini mbele ya kuipatia alikata zile nywele ndefu na makasi, akaivalisha kipande cha kitenge cha mama. Akamuambia mudogo wake: « Uicheze tu. Usiiangalie sana. »