Bomba la Sinendet hadi Kisumu: Tuchote kwa Chombo Gani? (Sehemu ya Pili)

Fundi alifungua koki, akajaza chupa ya lita moja, akaifunga na kuandika saa kwenye kikaratasi. Petroli ndiyo iliyokuwa ikipita bombani wakati ule, na kila mtu pale alijua hivyo. Maabara ikarudisha jibu: dizeli. Fundi huyo kijana akakemewa kwamba amebadilisha chupa, akaapa hakubadilisha, na kumbe alikuwa mkweli. Kutoka bomba kubwa hadi kwenye ile koki palikuwa na kijibomba cha nusu inchi chenye urefu wa mita 20 hivi, na kijibomba cha namna hiyo hubeba lita mbili na nusu. Chupa ilijaa mafuta ya jana kabla tone moja la petroli mpya halijafika. Bohari yalikotokea hayo siitaji, ila haikuwa ya Kisumu.

Juma lililopita nilieleza sampuli ni nini na kwa nini maabara haiwezi kuponya sampuli iliyochotwa vibaya. Leo ni zamu ya vifaa. Wanunuzi wengi huanza na bei, wengine na picha nzuri ya katalogi. Mimi nasema anza na swali unalotaka sampuli ikujibu, kwa maana chombo kinachojibu swali moja vizuri kinaweza kuwa kiziwi kabisa kwa jingine.

Kisumu ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Mafuta yaliyosafishwa hupanda kutoka Mombasa, yakapita Nairobi na Nakuru, na pale Sinendet njia ikagawanyika: moja yaenda Eldoret, nyingine yateremka kuja ziwani. Bomba hilo la magharibi limekuwa likifanya kazi tangu miaka ya 1990, na baadaye likaongezewa ndugu yake wa inchi 10 kati ya Sinendet na Kisumu, mwendo wa kilomita 120 hivi. Gati la mafuta la Kisumu lilikamilika mwaka 2018, likakaa miaka kadhaa likisubiri meli, hadi MV Kabaka Mutebi II, yenye uwezo wa kubeba zaidi ya lita milioni 4, ilipoanza kupakia mafuta ya kupeleka Uganda. Kwa hiyo mafuta yaleyale hubadilisha mikono mara nyingi: bomba, tangi, lori, meli. Kila mkono unataka ushahidi wake.

Bomba la namna hii halina chumba cha petroli na chumba cha dizeli. Shehena moja husukuma nyingine, tumbo kwa mgongo, bila ukuta kati yao. Zinapokutana hufanya mchanganyiko wa mpakani, ambao haufai kuuzwa kama petroli wala kama dizeli. Swali la kwanza la Kisumu basi ni la saa: mpaka umefika? Tufanye hesabu. Mafuta yakienda mita moja kwa sekunde katika bomba la inchi 10, dakika moja ya kuchelewa hupitisha lita 3,000 na ushei. Kipimo cha densiti kilichofungwa bombani kitaona mabadiliko mapema, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko dizeli, lakini jicho la mtu na chupa ya kioo bado vinahitajika kuthibitisha. Kijibomba cha mita 20 chenye mafuta yaliyolala hakikufai hapo. Unahitaji kitanzi cha mzunguko: mafuta yanatoka bombani, yanakimbia mbele ya koki, kisha yanarudi bombani, saa zote, ili ukifungua upate kinachopita sasa hivi. Ikiwa fedha haitoshi, sogeza koki karibu na bomba na umwage kwanza mara tatu ya ujazo wa kijibomba, kwenye chombo kilichofungwa. Kwa yule kijana ingekuwa lita saba na nusu. Usimwage chini, mitaro ya mji huu ina mwisho mmoja, nao ni ziwa.

Swali la pili ni gumu zaidi: shehena nzima ilikuwa na hali gani? Hapa chupa moja ya saa nne asubuhi haisemi kitu. Muuza maziwa wa Kibuye anaijua siri hii. Ukimpimia maziwa kwa laktomita kutoka juu ya debe lililotulia, umepima malai. Lazima yakorogwe kwanza. Bombani mkorogaji ni mwendo wenyewe wa mafuta, na mwendo ukiwa wa taratibu maji hushuka chini yakatambaa kwenye sakafu ya bomba. Ndiyo maana mdomo wa mrija wa kuchukulia sampuli huwekwa katikati ya bomba, wala si ukutani, na pale ambapo mafuta yameshakorogeka vya kutosha. Mtambo wenyewe huchota tone dogo, mililita moja hivi, kila baada ya kiasi fulani cha mafuta kupita. Zingatia: kiasi cha mafuta, si muda. Pampu zikipunguza kasi usiku, mtambo unaofuata saa utaendelea kuchota vilevile, na mafuta machache ya usiku yatahesabiwa kama mengi ya mchana. Kwa shehena kubwa ya kuuziana hukusanywa matone hata 10,000. Muuzaji akikuletea mtambo usiounganishwa na mita ya mtiririko, mshukuru umrudishie.

Tukifika kwenye tangi, teknolojia inashuka ghafla, na mimi naipenda kwa hilo. Mpimaji anapanda ngazi na chupa iliyofungwa ndani ya kikapu cha chuma kizito, ina kizibo, na kamba imefungwa kwenye kizibo chenyewe. Anaishusha hadi kina anachotaka, anatoa mshtuko mmoja wa mkono, kizibo kinachomoka, mapovu yanapanda. Anachota juu, katikati na chini. Kamba hiyo iwe ya pamba. Nailoni inakusanya umeme tuli, na cheche moja juu ya tangi la petroli ni msiba. Kwa sababu hiyohiyo tangi lililotoka kujazwa huachwa litulie kama nusu saa kabla mtu hajatumbukiza kitu chochote. Vikapu vya shaba hupendwa kwa kuwa havitoi cheche kirahisi, ila visiguse mafuta ya ndege: chembe kidogo tu za shaba huyafanya yasihimili joto kama yanavyotakiwa.

Chupa ya soda isitumike kamwe. Nimeiona ikitumika. Petroli hula baadhi ya plastiki, mwanga huibadilisha, na zile sehemu zake nyepesi hutoroka kwenye kifuniko kilicholegea. Jua la saa saba la Kisumu halihitaji muda mrefu. Tumia kioo cha kahawia au chuma kisichoshika kutu, usijaze hadi shingoni, acha nafasi kama sehemu moja kwa tano, na uipeleke kivulini.

Kwa mafuta ghafi hesabu inabadilika. Yale ya Turkana yana nta nyingi, hata huganda kwenye joto la kawaida la mchana, ndiyo maana yalisafirishwa kwa matangi yenye joto kwenda Mombasa, na shehena ya kwanza ikauzwa nje mwaka 2019. Bomba la Hoima hadi Tanga, la kilomita 1,443, limesanifiwa kupashwa joto kwa sababu hiyohiyo. Kifaa cha sampuli cha huko kisipopashwa joto kitaziba kabla ya saa sita mchana. Gesi, kama ile ya Songo Songo, ina shida ya upande wa pili: ukiishusha presha ghafla inapoa, sehemu nzito zinageuka umande, nawe unachukua gesi nyepesi tu. Gesi nitaiachia makala ya mwisho.

Lipo swali la tatu ambalo mwambao huu unalijua kwa machungu, la uchakachuaji. Mafuta ya taa, yaliyokuwa yakiwasha karabai za wavuvi wa omena kabla ya taa za sola, yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, na wajanja wakayamwaga kwenye dizeli hadi Serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Tangu zamani kidogo mafuta ya taa na yale ya kwenda nje ya nchi yamewekewa alama ya kemikali ili yajulikane yakikutwa kwenye pampu za hapa. Sampuli ya kesi kama hiyo haihitaji mtambo wa mamilioni. Inahitaji chupa safi, lakiri yenye namba, kikaratasi kilichojazwa palepale mbele ya mwenye kituo, na chupa ya pili ibaki imefungwa kwa ajili ya mabishano. Wakili mzuri hashambulii maabara, anashambulia lakiri.

Ningepewa mfuko wa kununua vifaa vya Kisumu kesho, ningeweka fedha nyingi kwenye kitanzi cha mzunguko na mtambo wa matone unaofuata mita, kidogo kwenye chupa bora na kamba za pamba, na kilichobaki kwenye kuwafundisha vijana wa koki. Juma lijalo tutaingia kwenye silinda zenye pistoni na gesi isiyotaka kupoteza presha. Wewe unayefanya kazi bohari, kabla ya hapo pima urefu wa kijibomba chako cha sampuli, uniandikie kupitia mhariri.