Lishe ya Samaki Wakubwa wa Tangini: Mfano wa Kambale na Kamongo wa Mto Tana

Makala haya yanafafanua namna ya kuchagua chakula cha samaki wakubwa wanaofugwa tangini kwa mapenzi, wala si kwa kitoweo. Mji wa Garissa, ulio ukingoni mwa Mto Tana, umeteuliwa kuwa mfano kwa kuwa joto lake hufichua upesi makosa ya mfugaji. Aidha, kambale na kamongo, ambao wote hupatikana katika mto huo, ni wavumilivu kiasi cha kumhadaa yeyote anayewafuga.

Kabla ya kuendelea, msamiati wenyewe unastahili kudokezwa. Kamongo, ngege na omena ni maneno yenye asili ya Kijaluo. Msomali humwita samaki kalluun. Wapokomo na Wamalakote, ambao lugha zao ziko katika kundi la Sabaki pamoja na Kiswahili, wameishi na Tana kwa karne nyingi, na majina yao ya samaki yangefaa kukusanywa kabla ya kubuniwa istilahi mpya.

Suala la lishe haliwezi kutenganishwa na maji. Lita moja ya maji yenye nyuzijoto 20 huweza kubeba takribani miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, hubeba takribani 7.5. Chakula kinachobaki chini ya tangi huoza na kuzalisha amonia, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inavyogeuka kuwa sumu. Hapa ndipo uvumilivu wa samaki hawa unapohadaa. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua, naye kamongo ana mapafu. Hivyo wote wawili hupanda juu kuvuta pumzi na kuonekana wazima hata oksijeni ikipungua majini. Amonia, hata hivyo, huendelea kuwaunguza matamvua na ngozi.

Kosa linalovutia zaidi mjini Garissa, penye soko kubwa la mifugo, ni kuwalisha mabaki ya nyama. Samaki huyala kwa pupa. Lakini mafuta ya mbuzi, ng'ombe au nundu ya ngamia ni mazito, na samaki hawezi kuyatumia vizuri. Hurundikana iniini na kumdhoofisha polepole. Porini, kamongo husaga konokono, kome na kaa kwa meno yake yaliyo kama vibao, ilhali kambale hula wadudu, samaki wadogo, mimea na hata mizoga. Mlo wa tangini uige mchanganyiko huo.

Dagaa wakavu wanafaa, mradi waoshwe mchanga na waliotiwa chumvi walowekwe. Wasiwe chakula pekee. Baadhi ya samaki wabichi nao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Kuwagandisha hakukiondoi, kuwapika hukiharibu. Samaki hai wa kulishia huweza pia kuleta vimelea tangini.

Tembe za kiwandani ndizo msingi ulio salama zaidi. Kambale mchanga huhitaji zenye protini ya asilimia 40 hivi, na aliyekomaa 30 hadi 35. Ngege, ambaye hula zaidi mwani na mimea, hutosheka na kiwango cha chini kuliko hicho. Mfuko mkubwa ni rahisi kwa bei, ila ukiwekwa chini ya paa la bati vitamini C hupotea kabla tembe hazijaisha. Heri kununua kidogo kidogo na kuhifadhi penye ubaridi.

Kuhusu kiasi, kambale aliyekomaa apewe mara moja kwa siku, au siku moja baada ya nyingine, kile anachokimaliza kwa dakika tano. Kamongo mkubwa hutosheka kwa milo miwili au mitatu kwa juma. Kiumbe huyu huweza kujifukia topeni wakati wa kiangazi na kukaa miezi kadhaa bila kula, akiishi kwa protini ya misuli yake. Kumnyima chakula siku mbili si ukatili. Samaki hujifunza kuzitambua nyayo za mlishaji na kuja juu kinywa wazi hata akiwa ameshiba, na watoto nyumbani huona ana njaa. Umeme ukikatika na pampu ya kuchujia ikasimama, asilishwe kabisa mpaka irejee kufanya kazi.